Tangi Lililojaa Pomoni

Daktari alikalia benchi la chuma kwenye banda la helikopta, na benchi likalalamika. Wenzake walimwita Bonge, naye hakuwahi kununa. Alisema mwili haufichiki kama mshahara. Lakini siku hiyo hakuwa na utani mwingi.

"Nirudie tena?" aliuliza.

"Rudia," alisema Inspekta Taratibu. "Mimi huwa nasikia vizuri mara ya pili."

Jina la Taratibu alipewa na wakuu wake, tena kwa hasira, kwa sababu hakuna faili lililowahi kutoka mezani kwake kabla yeye mwenyewe hajaridhika nalo. Hili la sasa lilitakiwa jioni. Mvunja mawe mmoja wa machimboni kule mlimani alikuwa amefia ndani ya helikopta ya uokoaji, mikononi mwa nesi, huku daktari aliyepaswa kuwa naye ameachwa chini. Kaka wa marehemu alikuwa amekwenda polisi na kusema bila kuuma maneno kwamba nesi na rubani walimteremsha daktari makusudi, wapate kutua wawili tu mbele ya kamera za wafadhili. Nesi alikuwa mahabusu tangu juzi. Jioni ikifika bila jambo jipya angesomewa shtaka la uzembe uliosababisha kifo, na mkuu wa polisi alikwisha kumpigia Inspekta simu kumwambia kwamba mwanamke wa kuitwa Taratibu asimharibie takwimu zake.

"Jiwe lilimwangukia pajani," alisema Daktari. "Tulimkuta anavuja damu lakini anaongea. Nikamfunga, nikamtundikia dripu. Kwa gari, kutoka machimboni mpaka hospitali kuu ni kutwa nzima, na mtu wa hali ile hana kutwa nzima. Kwa helikopta unafumba macho kusali, ukifumbua umefika. Ndiyo maana watu wanaichangia, hata mafukara. Basi tukampandisha. Kapteni akavuta mpini. Haikupanda."

"Ilikuwa mbovu?"

"Ilikuwa nzito. Kule ni juu, na jua lilikuwa kali. Hewa ikiwa nyepesi mapangaboi hayapati cha kushika. Sasa kanuni yetu iko wazi: uzito ukizidi, nesi anashuka, daktari anabaki na mgonjwa. Nesi akashuka bila kinyongo. Kapteni akavuta tena. Ikafika usawa wa magoti, ikagoma."

"Ikabidi nini?"

"Inspekta, si unaniona?" Alijipiga kiganja tumboni. "Mimi na nesi ni ng'ombe na kuku. Nikashuka mimi, akapanda yeye, ikaruka. Nilimwonyesha pale mlangoni mahali pa kukandamiza. Njiani damu ikafumuka upya, kwa ndani, mahali pasipotaka kiganja, panataka kisu. Na kisu ni kazi yangu. Yule binti alikandamiza mpaka wakatua. Nimeambiwa walipomshusha marehemu ilibidi wambandue mikono."

Alijifuta uso kwa shuka la machela lililokuwa karibu, akalikunja vizuri na kulirudisha. Inspekta alimwachia nafasi, kisha akauliza kile alichokuja kuuliza.

"Machimboni mmekwenda mara nyingi. Kwa nini safari hii mkawa wazito?"

"Tangi. Lilijaa pomoni."

"Hilo limo kwenye maelezo ya Kapteni. Mkuu wangu alilipigia mstari kama jambo jema, kwamba rubani alijiandaa."

"Mkuu wako anaendesha gari. Gari likijaa mafuta mtu anafurahi. Sisi yakizidi tunamwacha mtu. Machimboni ni jirani tu kwa helikopta, kwa hiyo tunaweka ya kwenda na kurudi, na akiba kidogo. Na yakishaingia hayatoki upesi. Kuyanyonya ni kazi ndefu kuliko safari yenyewe."

"Kapteni anasema aliagiza yeye."

Daktari aligeukia mlango. Nje mtu alikuwa anafagia uwanja ambao haukuwa na uchafu, kwa sababu helikopta ilikuwa imezuiwa kuruka na watu walikosa la kufanya.

"Ameandika hivyo?" aliuliza hatimaye.

"Na sahihi ameweka."

"Basi mimi nitakwambia nilichokiona. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Alipowasha, macho yakamtua kwenye mshale wa mafuta. Akatoa tusi, na yule bwana hatukani. Akafungua mlango, akatupa nje begi lake na sanduku zima la vifaa vya akiba, tukaruka. Sikumuuliza. Mgonjwa alikuwa anatusubiri."

Inspekta alishukuru, akainuka. Mtu aliyealika wageni hashtuki wageni wakibisha hodi. Rubani alikuwa amesema uongo, na njia ya mwongo ni fupi. Ila mtu mwenye akili zake hajitwiki kosa lisilo lake bure. Alikuwa amemfunika mtu.

Fundi wa helikopta alikuwa upande wa pili wa banda, anaisugua spana iliyokwisha kung'aa. Alipomwona Inspekta anakuja, alianza kujibu kabla hajaulizwa.

"Mimi najaza ninachoambiwa."

"Na nani?"

"Na Kapteni."

"Kwa mdomo wake?"

Spana ikatulia. "Siku ile wafadhili walikuja kuiona mali yao. Kapteni alikuwa nao ukumbini. Wito ulipoingia akakimbilia ramani na hali ya hewa. Hana muda wa kuja huku kuniambia habari za mafuta. Maagizo hupitia chumba cha mawasiliano, wao wananipigia kwenye simu ile ya ukutani. Ndiyo kawaida yetu miaka yote."

"Na siku ile simu ilisemaje?"

"Kapteni anasema jaza mpaka juu. Nikauliza, mpaka juu, kwa machimboni? Nikajibiwa, kwani wewe Fundi urubani umeuanza lini?"

"Aliyekujibu ni nani?"

"Chumba kile kina mtu mmoja tu, Inspekta."

"Nataka nilisikie kwako."

Fundi alitazama mlango wa banda, kisha sakafu. "Mama Pacha. Mke wa Kapteni. Nilitaka kusema siku ileile, ila Kapteni alinishika bega akaniomba. Akasema, hilo la mafuta niachie mimi."

Hapo mpelelezi mwenye haraka angeondoka na pingu. Inspekta Taratibu alikwenda kunywa maji kwenye bomba la uani, akawaza. Mume huweza kumwagiza mkewe jambo wakati anakimbia, akalisahau. Mke huweza kusikia vibaya. Agizo la simu halina shahidi, na mwendesha mashtaka yeyote angelipuliza likaanguka. Alihitaji kitu kingine, kitu ambacho mtu hakifanyi kwa kusikia vibaya.

Tena palikuwa na jambo moja ambalo lilikuwa linamwasha tangu asubuhi. Mlinzi wa getini alimwambia kwamba siku ya ajali gari la wagonjwa lilitoka mbio, tupu, bila mgonjwa wala wito. Na dereva wa gari lile alijulikana kituo kizima kwa donge alilokuwa nalo juu ya helikopta.

Alimkuta anaosha tairi. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kuniuliza kama naionea wivu helikopta," alisema Dereva. "Naionea. Andika. Kabla haijaja, mimi ndiye nilikuwa naokoa watu hapa. Nikipita barabarani watoto wananipungia. Siku hizi nabeba mashuka kwenda kufuliwa. Watu wanachangia kinachopaa, Inspekta. Nani ataichangia tairi?"

"Siku ile ulitoka bila mgonjwa."

"Nilitoka."

"Kwenda wapi?"

"Unadhani nilikwenda mlimani kuiroga ianguke?"

"Nadhani uliulizwa swali."

Dereva aliinuka, akajifuta mikono kwenye suruali. Wivu wa mtu huyu ulikuwa wazi kama mlango wa msikiti, na Inspekta alianza kumpenda kwa hilo. Waliomsumbua kazini ni wale waliouficha.

"Nilitumwa machimboni," alisema Dereva. "Kumchukua nesi. Nesi mzima wa afya. Mimi, na ving'ora vyangu, nimekuwa teksi. Nilikasirika, ndiyo maana nikaendesha vile. Njia yenyewe mawe matupu, nafika kule, nesi mwenyewe hayupo. Namkuta Bonge amekaa juu ya jiwe anajilaumu. Nikasema basi, wamebadilishana. Nikampakia."

"Aliyekutuma?"

"Anayetutuma sote. Mama Pacha."

"Sikiliza vizuri, kaka yangu. Wakati unatoka getini, helikopta ilikuwa wapi?"

"Hapo." Alionyesha kidole uwanjani. "Ndiyo kwanza inanyanyuka. Vumbi lake lote niliogea mimi."

"Una hakika?"

"Mlinzi muulize. Alinicheka."

Inspekta alifunga daftari lake. Helikopta ilikuwa haijapita hata paa la banda, na tayari mtu amekwisha kumtuma dereva akamchukue nesi atakayeachwa.

Kapteni alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta wa ukumbi, na ilionekana alikuwa amesimama pale muda mrefu, akiwatazama wakizungumza. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa kujibu kwa kichwa. Inspekta alimfuata.

"Ulitupa begi lako nje kwa sababu gani?"

Kapteni aliendelea kuutazama uwanja.

"Mtu aliyeagiza tangi lijae hulikuta limejaa, basi. Wewe ulitukana."

"Mke wangu ana watoto wadogo," alisema Kapteni.

"Na nesi ana mama. Mama huyo amekaa polisi kwenye benchi tangu juzi na bakuli la chakula mapajani."

"Nilidhani mtamwachia. Hana kosa."

"Ulidhani tu. Hukusema." Sauti ya Inspekta ilipanda, jambo lililokuwa nadra kwake. "Nenda polisi sasa hivi, kafute yale maelezo uandike mapya. Ya kweli. Usipite ofisini kwa mkeo."

Alimtazama akivuka uwanja mpaka kwenye gari lake. Kisha akapanda ngazi za chumba cha mawasiliano.

Kilikuwa chumba kidogo, kisafi, chenye ramani kubwa ukutani na redio mbili mezani. Mama Pacha alikuwa amevaa spika za masikioni ingawa hapakuwa na chochote cha kusikiliza. Pembeni ya dirisha ilitundikwa kalenda ya wafadhili: Kapteni na nesi katika magwanda yao ya rangi ya chungwa, nyuma yao helikopta, chini yao maneno ya kuwashukuru wachangiaji. Ratiba ya zamu ilikuwa imebandikwa juu ya kalenda hiyo. Ukuta mzima ulikuwa mtupu, lakini ratiba ilibandikwa hapo, ikafunika uso wa nesi na kumwacha Kapteni anatabasamu na karatasi.

"Shikamoo, Inspekta. Karibu ukae."

"Marahaba. Mumeo anasema ndiye aliyeagiza tangi lijazwe."

"Kama amesema, ndivyo."

"Alikuagiza wapi?"

"Hapo mlangoni. Akipita."

"Nimeziona picha za wafadhili. Walimfuata na kamera kutoka ukumbini mpaka kwenye ramani, na kutoka kwenye ramani mpaka kwenye helikopta. Hakupanda ngazi hizi."

"Basi alinipigia simu."

"Mikono yake ilikuwa imeshika ramani na kofia. Lakini tuyaache hayo. Dereva ulimtuma machimboni?"

"Ndiyo. Waliponiambia kwa redio wamekwama."

"Dereva anasema alitoka helikopta ikiwa hapo uwanjani, na mlinzi anasema vilevile. Ulimtuma akamchukue nesi, mama. Ulijuaje kwamba nesi angebaki?"

Redio ilikwaruza kidogo ikanyamaza. Mama Pacha alivua zile spika taratibu, akazilaza mezani, na bila hizo alionekana mdogo kuliko umri wake.

"Umeolewa, Inspekta?"

"Niliwahi."

"Alikuwa anaongea, mumeo?"

"Kupita kiasi."

"Wangu haongei. Akirudi anavua viatu, anakula, anatazama ukuta. Nikimuuliza siku imekwendaje, ananijibu imekwenda. Nikasema ndivyo alivyoumbwa, nimpokee hivyohivyo. Nikazaa naye, nikazoea. Halafu nikapewa kazi hii, nikavaa hizi." Aligusa spika. "Nikamsikia. Kumbe anaongea. Anamsimulia nesi habari za utoto wake, alivyoanguka mtini, alivyoiba baiskeli ya baba yake mdogo. Mimi sizijui. Anamwambia tazama mto ule, tazama ng'ombe wale. Anacheka. Kicheko cha mume wangu nilikisikia kwa mara ya kwanza ndani ya redio, na hakikuwa changu."

"Kuna kitu kati yao?"

"Hakuna." Alijibu upesi, karibu kwa hasira. "Kingekuwepo ningekisikia. Si nasikia kila neno? Ndilo linaloniua hilo. Kingekuwepo ningekwenda kumvaa, watu wakatutenganisha, yakaisha. Sasa nimvae kwa nini? Kwa sababu ameonyeshwa mto?"

Inspekta alivuta kiti, akakaa. Alikuwa amesikia wivu mwingi katika kazi yake, wa mashamba, wa vyeo, wa mabwana wa watu, lakini huu ulikuwa mgeni kwake.

"Siku ile wafadhili wamekuja na kamera," aliendelea Mama Pacha. "Nikawaona tayari wanavyoshuka wawili, machela katikati, watu wanapiga makofi. Kalenda nyingine hiyo. Na mimi ndiye nitakayepewa niitundike. Nikasema leo hapana. Leo yeye atarudi kwa barabara, na vumbi lake. Mafuta yakijaa watazidi uzito, nesi atashuka, daktari atabaki na mgonjwa. Kanuni si inasema hivyo? Mgonjwa hatapungukiwa kitu. Nilimfikiria mgonjwa, Inspekta, naapa. Sikutaka mtu afe."

"Najua hukutaka."

"Nilipiga hesabu."

"Ulipiga vibaya. Nesi alishuka kama ulivyopanga. Haikupanda."

"Walisema kwenye redio. Sikuelewa." Macho yake yalikuwa makavu, ameyakodoa. "Nilimsikia Kapteni anasema, nesi ameshuka na bado nzito. Nikasema haiwezekani. Akishuka yule lazima itapanda."

"Wanapimwa kila asubuhi, wote. Uzito wao unaandikwa kwenye ubao pale bandani, herufi kubwa. Hukwenda kutazama?"

"Siendi kule. Nisingependa kusoma jina lake."

"Yule ni mwepesi, Mama Pacha. Na viatu vyake, na begi lake, hafiki nusu ya daktari. Kwa mafuta uliyoyatia, aliyetakiwa kushuka alikuwa daktari. Ulimshusha daktari."

Mama Pacha alikaa na neno hilo.

"Mbona kwangu alikuwa mzito?" alisema.

Hapo ndipo alipolia. Alimlilia mvunja mawe, akamtaja, akauliza kama alikuwa na watoto, akaambiwa anao. Inspekta alimwachia mpaka akaishiwa. Kisha akavuta simu ya mezani na kupiga polisi.

"Mfungulieni nesi," alimwambia wa zamu. "Ndiyo, sasa hivi. Faili nakuja nalo mwenyewe. Na kaka wa marehemu asiondoke, ana haki ya kusikia kwangu kabla ya kusikia mitaani." Akasikiliza. "Mkuu mwambie atapata takwimu yake. Si ile aliyoitarajia."

Akakata. Mama Pacha alikuwa amekwisha kusimama. Alizima redio moja, akaiacha nyingine kwa atakayekuja, akaandika kwenye kipande cha karatasi kwamba mama mkwe awachukue pacha shuleni. Alifanya yote hayo vizuri, kama mtu aliyezoea kupanga safari za wenzake. Alipofika mlangoni alisimama.

"Nani anakwenda kumchukua?"

"Kumchukua nani?"

"Nesi. Pale polisi hapana usafiri."

Inspekta angeweza kudanganya, na mtu mwingine angesema ni huruma. Hakuwa na mazoea hayo.

"Kapteni yuko kulekule. Nilimtuma kuandika maelezo."

Mama Pacha alirudi hatua moja ndani ya chumba, akashika ubavu wa meza.

"Basi tusipite barabara kubwa," alisema. "Nakuomba, dada. Tutapishana nao, na nitamwona anaongea."

"Hakuna barabara nyingine," alisema Inspekta Taratibu, akamshikia mlango.